Samaki wa Pweto kwenye friji ya maabara

Jumatano. Mvua tangu asubuhi, mtaa wetu wa Bel-Air wote ni tope, nami sitaki kutazamana na mtu.

Nina aibu. Acha niiseme kabla sijaanza kuipamba.

Jumapili umeme ulikatika tena mtaani kwetu, na shangazi alikuwa ametuletea samaki wabichi kutoka Pweto. Friji isiyozimika ni ya maabara ninakofanya kazi, kwa sababu ina jenereta. Tumekatazwa kuweka chakula humo, na sote tunaweka. Ili samaki wapate nafasi, nikatoa sanduku la dawa za kupimia rubela, nikaliweka mezani, nikidhani ni kwa dakika mbili tu. Likalala pale kwenye joto hadi kesho yake.

Jumatatu akaja Mama Neema. Amekimbia vita vya Goma, amefikia kwa shemeji yake, ana mimba ya miezi miwili. Watoto wa nyumba hiyo walikuwa na homa na vipele; sasa vipele vimemtoka yeye. Rubela ikimpata mama mapema hivyo, mtoto anaweza kuzaliwa kiziwi, kipofu au na moyo mbovu. Ndiyo maana tukampima damu, kujua kama ameambukizwa karibuni.

Kila tunapopima, pembeni tunaweka sampuli tunayojua ina ugonjwa. Hiyo isipogeuka njano, dawa imeharibika na majibu yote ni ya kutupa. Yangu ilibaki nyeupe kama maji. Niliiona vizuri. Lakini sanduku lilikuwa la mwisho. Tangu vita, mizigo tunayoingojea uwanja wa ndege wa Luano haifiki. Mkuu wangu angeuliza limeharibikaje.

Nikaandika: hasi.

"Mutoto iko muzuri, mama," nikamwambia. "Hakuna kitu."

Akanishika mikono yote miwili. "Aksanti, dada. Tangu tukimbiye sijalala. Leo ntalala."

Samaki walikuwa watamu. Nilikula hadi vichwa.

Mficha maradhi kifo humuumbua: ndivyo ninavyowaambia wanaoogopa sindano. Najifanya mwalimu.

Kesho kabla ya kazi nitakwenda kwa shemeji yake, nimwambie Mama Neema kwamba majibu yale si majibu, nimpeleke apimwe upya kwenye maabara nyingine. Halafu nitamwona mkuu.

Ila najijua. Njiani nitaanza kutunga: umeme ulikatika, vita, jenereta.

Je, nitawataja samaki?