Togwa, Mwambie Mama Yako

Songea, Jumamosi. Mvua tangu alfajiri.

Leo milima ya Matogoro haionekani kabisa. Ukungu umeshuka mpaka kwenye migomba ya jirani, na mvua ni ile ya mwanzo wa Desemba, haina kelele wala haraka. Nimerudi kutoka hospitali nimelowa chapachapa, nimebadilisha nguo, nimekaa. Cherehani sijaigusa. Kuna sketi za shule za watu zinanisubiri na sina hata moyo wa kutunga uzi.

Togwa amelala mlangoni pa chumba cha nyuma. Nimemwekea matembele, ameyanusa tu.

Kwa wanaopita hapa kwa mara ya kwanza: Togwa ni sungura. Anaishi ndani, si bandani. Nilimpa jina hilo kwa ajili ya rangi yake, maana si mweupe na si wa udongo, ni togwa kabisa, kile kinywaji cha unga na kimea. Ana karai lake la haja jikoni, ana gunia lake la kulalia chini ya meza, na waya za chaja ameshanitia hasara nazo. Majirani wa hapa Bombambili, Krismasi ikikaribia, huniuliza kama mboga yangu haijanona tu. Huwa nacheka. Mwaka huu nacheka kwa taabu kidogo.

Chumba cha nyuma ni cha baba mkwe wangu, na leo kitanda chake ni kitupu.

Baba alikuja kwetu baada ya mavuno. Mume wangu, Damas, alimtoa kijijini Mpitimbi karibu kwa nguvu, kwa sababu tangu mama mkwe afariki baba alikuwa anasahau kula, na mtu mwenye ugonjwa wa sukari hatakiwi kusahau kula. Kisha msimu wa korosho ukafunguliwa, Damas akaenda Tunduru kwenye kazi yake ya ghalani, tukabaki mimi na mkwe wangu.

Hapo ndipo penye kazi. Baba ni Mngoni wa zamani. Kwake mkamwana haingii chumba anacholala mkwe, hali naye meza moja, hamtaji jina, hamkazii macho, na hasimami naye kupiga soga. Najua wengi mjini wameshaacha mambo hayo. Yeye hajaacha, na mimi nililelewa hivyohivyo, kwa hiyo sikuona uzito wowote mpaka nyumba ilipobaki na sisi tu. Maana desturi hii inataka mtoto. Mjukuu ndiye anayetumwa: kampe babu maji, kamwambie mama babu anaomba kiberiti. Mimi na Damas tumeoana siku nyingi na hatuna wa kumtuma.

Hilo sijawahi kuliandika hapa. Basi leo nimeliandika.

Wiki za kwanza tuliishi kwa kukohoa. Naweka chakula mezani, nakohoa, naondoka. Akimaliza anakohoa, naja kutoa vyombo. Ungedhani nyumba ina kifua kikuu.

Halafu Togwa akala kamba za viatu vya baba vya kuendea misa. Nilikuwa barazani nashona, nikasikia sauti iliyotaka isikike: "Wewe Togwa, mwambie mama yako viatu hivi ndivyo nilivyotaka kuzikwa navyo. Sasa nizikwe na ndala?"

Nilijiziba mdomo nisicheke. Nikachagua mkanda kwenye mabaki yangu ya vitambaa, nikauweka mezani, na mimi nikapaza sauti. "Togwa, mwambie babu kamba nyingine hizo."

Ndivyo tulivyoanza kuongea. Asubuhi nasikia, "Mwambie mama yako chai ya leo wamesahau sukari." Najibu, "Mwambie babu hawajasahau." Jioni Togwa anaingia kulala chini ya kitanda chake, na mimi ukumbini nasikia akisimuliwa habari za ng'ombe waliokufa kabla Damas hajazaliwa. Baadaye baba akaanza kumwita mjukuu. Siku ya kwanza nilipolisikia neno hilo niliingia jikoni nikalia, na mpaka leo siwezi kusema kama ulikuwa uchungu au shukrani. Baba hajawahi kuniuliza habari ya mtoto. Wengine wote wameuliza.

Bustani ya nyuma ni kazi yake. Mimi nilikuwa na mchicha wa kubahatisha, yeye akapiga matuta yaliyonyooka, akaweka matembele, maboga na figili, na mbolea ni ile ya karai la Togwa. Akazungusha uzio wa mianzi. Togwa akachimba chini ya uzio. Baba akaujenga upya, Togwa akachimba upya. Mwishowe, baada ya kumtukana sungura yule kwa Kingoni mpaka nikaona haya barazani, alichukua jembe akaongeza tuta moja nje ya uzio, akapanda matembele matupu. "Hili lako. Kule kwingine sitaki kukuona." Nampenda yule mzee. Sijui ni lini nilianza.

Mvua ya kwanza ya kueleweka ilinyesha Jumatano, naye akamtangazia Togwa kwamba Jumapili anarudi Mpitimbi kupanda mahindi. Siku hizo nilikuwa namwona anavaa mabuti ya mvua. Bustanini sikushangaa. Lakini aliyavaa na mezani, na jua likiwaka. Nikajisemea ni uzee.

Jana mchana Togwa akatoka chumba cha nyuma anaburuta kitambaa. Ana tabia hiyo, akipata kitambaa anakipeleka kwenye gunia lake. Nikakitambua kwa mbali, kitenge cha njano, baki la gauni nililomshonea mteja. Nilipokiokota kilikuwa kigumu kwa damu, na kinanuka.

Ilinichukua muda mfupi tu kuelewa mabuti yale.

Mama yangu mdogo alikuwa na sukari. Kwake ilianza na kidonda cha kidole, ikaishia kukatwa mguu gotini. Nikampigia Damas. Damas akampigia baba. Nikamsikia baba kupitia ukutani: mzima kabisa mwanangu, mvua nzuri, Jumapili nasafiri. Damas akanirudia akasema labda nimeona vibaya.

Nikaenda nikasimama nje ya mlango wa baba. Ulikuwa umefungwa.

"Togwa, mwambie babu nimeona kitambaa."

 Sauti ikaja, ndogo, si ile ya viatu. "Mwambie mama yako ni jembe lilinikwaruza. Nikienda hospitali watakata. Aliyekatwa mguu hapandi mahindi. Waniache nipande, halafu wanipeleke wanakotaka."

Nilikuwa na maneno mengi ya busara, yote ya kidaktari. Yaliyotoka ni mengine. "Togwa, mwambie babu mimi sina mtoto wa kumtuma humo ndani. Nina wewe tu, na wewe huwezi kumbeba. Nitasimama hapa hapa mpaka aseme mwenyewe nifanye nini."

Nikasikia kitanda kikilia.

"Togwa," akasema baba, "mwambie mama yako aingie."

Nikatazama chini. Togwa alikuwa nje pamoja nami, amekalia mguu wangu, anajisafisha masikio. Ndani kule hakukuwa na sungura wa kuambiwa chochote. Baba alijua, na mimi nilijua, na nikaingia.

Niliingia macho chini, na ilifaa, maana kidonda kilikuwa huko. Sitakieleza. Nilikiosha kwa maji yaliyochemshwa, yeye akitazama dirishani, mimi nikitazama mguu. Nilimwinua mwenyewe mpaka kwenye bajaji. Ni mwepesi kuliko nilivyodhani, na hilo ndilo lililoniumiza njia nzima.

Daktari amesema mguu utabaki. Kidole kidogo bado wanakiangalia, Jumatatu watasema. Amesema pia kwamba tungengoja apande kwanza, tungekuwa tunaongea mambo mengine. Jana jioni Damas alilia kwenye simu. Nilimwacha alie.

Asubuhi ya leo nimempelekea chai. Nimemimina kikombe, nimekiweka karibu na mkono wake, nikasogea pembeni kama kawaida. Akanywa kidogo. Akatazama chini ya kitanda, akatazama mlangoni, na wodini hapakuwa na mtu wa kutumwa. Nikaona anahangaika. Nikataka kukohoa nimsaidie.

"Mwanangu," akasema, "chai hii haina sukari."

Tangu niolewe, ndilo neno la kwanza alilonielekezea mimi.

"Haina, baba."

"Haya." Akanywa yote. Akaniambia mbegu ziko kwenye mfuko chini ya kitanda chake, niingie nizichukue, nipande huku nyumbani maadam mvua ipo, na nimwangalie yule mjukuu asizile.

Alasiri mvua ilipopungua nimeingia chumba cha nyuma peke yangu, kwa kutumwa. Nimepanda pembeni ya matuta, mistari yangu imepinda, atasema akiiona. Togwa alinifuata mpaka bustanini, akarudi mlangoni pake. Nimemwambia babu yake anarudi. Yeye haniulizi lini, kwa hiyo sijamdanganya.

Naogopa Jumatatu. Ila kesho ni ya misa ya kwanza, kisha hospitali. Chupa ya chai nimeshaisuuza.

Sukari siweki.