Kihesabu cha Wageni

Alhamisi, Bujumbura. Mvua tangu asubuhi.

Leo najichukia. Hata chakula kimenishinda.

Wiki tatu zilizopita niliwaambia wanafunzi wangu wapya waachane na mazoezi ya kujumlisha namba kwenye skrini nyeusi. Kila mmoja atengeneze ukurasa wa Intaneti ambao watu watautumia kweli, na chini yake aweke kihesabu kinachoongeza moja kila mtu anapoufungua. Nilijiona mwalimu wa kisasa.

Odette, binti wa Buterere, alitengeneza ukurasa wa kuwatafuta waliopotezana vitani. Unaandika jina, unaletewa kilima, yaani kijiji, alikotoka mtu huyo na mahali anapolala sasa. Alianza na watu wa ukoo wake. Kazi ilikuwa safi, haina kosa hata moja. Nilimpigia makofi, kisha kwa mkono wangu mwenyewe nikauweka hewani.

Leo mama yake amekuja kwa miguu, kitenge kimelowa, akasimama mlangoni mwa darasa.

"Mwalimu, mutoto ananiambia mumeandika mu ordinateri, mu ile mashini yenu, pahali kaka yangu analala. Wale wenye walimufukuza kwetu, nao watasoma?"

Jibu ni ndiyo.

Nikaenda kwa mkurugenzi. Hakuinua hata macho. "Apana, bwana. Wageni wa Ulaya wanakuja kesho, ile page ndiyo tutawaonyesha. Utaitosha, utaifuta, wakisha kwenda."

Watu wanajificha, yeye anapamba duka. Lakini niseme yote: nilijibu "Sawa, Directeur," nikarudi darasani, nikafundisha saa nzima huku Odette ananitazama.

Saa nzima!

Ndipo nikakimbilia cyber moja ya Rohero, kabla askari hawajafunga barabara kwa usiku. Laini ilijikokota, nikamtukana mwenye cyber, maskini, asiye na kosa. Mwishowe nikaufuta. Kesho mkurugenzi akinifukuza, na anifukuze.

Ila kabla ya kufuta nilisoma kile kihesabu. Arobaini na mbili.

Darasani tuko kumi na tisa, na kila mmoja aliufungua mara moja tu, siku ile ya makofi, kwa kuwa laini ya shule ni ghali. Niliwauliza leo darasani. Hao wengine zaidi ya ishirini ni nani?

Mama Odette akirudi na swali lake, nitamwambia nini?