Hirizi ya Farisi

Bugembe, Jinja
3 Machi 1997

Ndugu yangu Ronnie,

Salaam. Habari za Mbale na kazi ya duka? Huku wazima, ila Mama. Tumbo limevimba tena, na hospitali wamemrudisha nyumbani. Anakuulizia. Anasema alinyonyesha wawili, mbona anauguzwa na mmoja.

Sasa mchezo wetu wa hadithi, huu tunaoucheza kwa barua. Askari wangu Farisi yuko mlangoni mwa bonde lako, lile ambamo uchawi wote hufa. Kitabu cha kanuni alichotuachia yule mwalimu mgeni hakisemi uchawi ni nini hasa. Hirizi aliyovishwa na mama yake, je? Bila hiyo majeraha aliyo nayo yatammaliza. Wewe ndiye mwamuzi. Amua, nirushe dadu.

Ndugu yako wa ziwa moja,
Nasur

Mbale
21 Machi 1997

Ndugu Nasur,

Bwana asifiwe. Mimi mzima, nimeokoka tangu Krismasi. Mpe Mama pole.

Nimeamua. Uchawi ni kitu kinachofanya kazi ambayo mkono, dawa wala chakula haviwezi. Kwa hiyo hirizi inakufa. Sala ya mtawa anayefuatana na Farisi inabaki, maana hiyo si uchawi, ni Mungu.

Na nje ya mchezo: nasikia Mama amevaa hirizi ya shehe. Siwezi kukaa nayo chumba kimoja. Aivue, nami nitakuja kumwombea.

Ndugu yako,
Ronnie

Bugembe
9 Aprili 1997

Ndugu Ronnie,

Salaam. Hujambo? Unajua vizuri kwamba ndani ya hirizi zetu mna aya za Kurani. Vipi ya mtawa iwe Mungu na yetu iwe uchawi? Imeniuma. Lakini mwamuzi ni wewe. Farisi amekufa bondeni.

Nilimsomea Mama barua yako. Nilitaka kuuruka ule mstari wa hirizi, akaona nimesita. Akaagiza mkasi, akakata uzi mwenyewe.

"Mwache mtoto wangu aje," akasema. "Nitaivaa akiondoka."

Sasa kila teksi ikisimama barabarani ananituma nikatazame. Unakuja lini?

Ndugu yako,
Nasur

Mbale
30 Aprili 1997

Ndugu yangu,

Bwana asifiwe. Mama anaendeleaje? Mkutano wa injili umeongezwa siku, na mpanga viti ni mimi. Mchungaji hajaniruhusu. Ukiisha tu, nakuja.

Nimemfikiria tena Farisi. Hirizi aliyoifunga mama labda tuihesabu na blanketi na chakula, vitu vya nyumbani tu. Tuseme alizimia. Mrudishe.

Ndugu yako,
Ronnie

Bugembe
18 Mei 1997

Ronnie,

Salaam. Barua yako imefika tumeshamzika Mama. Nilimsihi avae hirizi yake, akakataa, akasema utaingia wakati wowote uikute shingoni. Amekufa shingo tupu.

Usibadilishe kanuni. Hata alipoivaa, tumbo halikupungua. Ilimpa usingizi tu, na tangu aivue hakulala tena.

Usije. Ukija utaomba pale kaburini, nami kwa ujinga wangu nitasimama nikingoja kitu kitokee.

Mtoto wake,
Nasur