Njia ya Msitu wa Miiba

Kwa kaka yangu Vettrivel,

Pokea salamu zangu baada ya kimya hiki kirefu. Natumai u mzima, na lile goti limeacha kukusumbua. Mama na mimi tunapumua.

Tangu ulipotuaga ukisema unakwenda kuhiji Madurai, mengi yametufika. Waingereza walikuja na mizinga, wakaipiga ngome yetu mpaka ukuta wa mashariki ukalala chini. Shemeji yako, mfalme Adalarasan, hakuyumba. Alizunguka juu ya ukuta akiwatania askari: "Nyie, mnainamia nini? Hao Waingereza wanawinda kunguru tu!" Watu wakacheka, wakapigana.

Lakini Waingereza hawakuingilia ukutani. Walipita njia ya msitu wa miiba, ile inayotokea kisimani, ambayo mume wangu hakuwahi kumwonyesha mtu asiye wa nyumba yetu. Yeye walimkamata. Mimi nilimkumbatia mwanangu, nikatoka pamoja na wachota maji.

Walimnyonga kwenye mkwaju wa njia panda. Nilikuwepo katikati ya umati, nimejifunika uso. Kabla ya kuvuta kamba, ofisa wao alimuuliza kupitia mkalimani kama angependa kumjua aliyemuuza. Mume wangu akajibu, "Namjua. Usimtaje, mke wangu atasikia."

Mkalimani akacheka, akalitaja jina kwa sauti. Lilikuwa lako, kaka.

Nilipomweleza mama, alinikemea, akasema nimesikia vibaya, kelele zilikuwa nyingi. Kisha mpiga mbiu akapita akitangaza kwamba Waingereza wamekukabidhi ngome na mashamba yake. Mama aliacha kula siku ile. Sasa anakula kidogo, ila jina lako hatamki.

Ulikuwa ukila kwetu. Nilikupakulia wali kwa mkono wangu, na mume wangu hakuanza kula mpaka uketi.

Juzi mwanangu alitobolewa masikio. Unajua kwetu mjomba ndiye humpakata mtoto. Sonara aliangaza huku na huku, sindano mkononi, akauliza, "Haya, mjomba yuko wapi? Mtoto analia!" Nikamwambia hana. Mtoto akapakatwa na mchoma mkaa aliyetuhifadhi, mtu asiye ndugu yetu, akanyamaza kifuani pake.

Usitutafute. Mama hana salamu za kukuletea.

Ni mimi niliyekuwa dada yako,
Poongodi