Aliyetoka Kwenye Matete

Jumatatu, 12 Januari 1914

Mvua tangu alfajiri. Watoto wachache, wengine wamebaki shambani kupalilia. Kusoma, hesabu, nyimbo. Paa linavuja juu ya meza yangu na si penginepo. Tumpe alicheka. Nikamsimamisha mlangoni, kisha nikacheka mwenyewe, nikamrudisha.

Saa nne alikuja Bwana Mchungaji. Anataka wanafunzi wakubwa waandike mambo ya kale ya nchi hii. Ndoa, mazishi, watawala wa zamani, vita vya zamani. Atayapeleka kwao Ulaya wayasome. Nimefurahi. Afadhali kuliko kuimba alfabeti kutwa.

Daftari hili naliandika kwa Kiswahili nilichofundishwa shule ya boma, Tukuyu. Mama hajui kusoma. Bwana Mchungaji anajua Kinyakyusa, Kiswahili hakimpendi. Kwa hiyo hapa niko peke yangu.

Jumatano, 14 Januari

Niliwapeleka wakubwa kwa Mzee Asukile. Ndiye mwenye kumbukumbu kuliko wote upande huu wa mto Songwe, na hilo analijua mno. Alianza na ndoa. Akaja kwenye mazishi. Kisha, bila kuulizwa, akaingia kwenye habari ya matete.

Mimi nilikuwa mtoto wa kubebwa mwaka ule. Askari wa serikali walikuja kuchukua wanaume wa kubeba mizigo. Mkubwa wetu akakataa. Wakarudi asubuhi, wakachoma nyumba, wakakata migomba. Watu wakakimbilia matete ya mtoni. Askari wakapanda ukingo, wakawa wanapiga popote matete yalipotikisika. Asukile alisema akina mama waliwaziba watoto midomo, na wako walioondoa mkono wakakuta mtoto amekwisha. Alisema hilo kwa sauti ileile ya kusimulia mahari. Mvulana mmoja alitoka nje kutapika.

Halafu akasema: "Mmoja alitoka mwenyewe. Wima. Hana mkuki, mikono wazi. Alikwenda kuwaomba aishi yeye. Wakampiga naye." Akalitaja jina. Mwang'ombe. Babu yangu mzaa baba.

Watoto wote wakanigeukia.

Si jambo geni. Tukichunga nilitupiwa hilo kila tulipogombana. Baba naye alilimeza mpaka homa ilipomchukua. Mama hajawahi kusema lolote. Hawezi. Yule ni baba mkwe wake, na kwetu mkamwana hamtazami baba mkwe, hakai naye nyumba moja, hapiti njia anayopita, halitaji jina lake hata akiwa amekufa. Mama hasemi hata ng'ombe. Husema "wenye pembe". Nilipokuwa mdogo nilidhani ni mzaha wake.

Ijumaa, 16 Januari

Nimelifundisha.

Nilifikiri siku mbili. Nikaona mwalimu hana ruhusa ya kuchagua. Watoto hawa wanapita kando ya matete yale kila siku na hawajui wanakanyaga nini. Niliandika majina ya waliouawa ubaoni, wote Asukile aliowakumbuka. Upande wa pili nikaandika jina moja. Nikasema, huyu ni babu yangu, aliogopa, akawaacha wenzake. Wakarudia wote pamoja mpaka wakajua kwa moyo.

Nilijiona mtu mzima. Nani mwingine angemweka babu yake ubaoni? Nimerudi nyumbani nikipiga mluzi.

Jumapili, 18 Januari

Mama amesikia. Tumpe ni jirani yetu, amekuwa akiliimba somo langu huku anafagia uwanja wao. Jina la babu na neno mwoga, mara kumi, mara ishirini.

Kanisani mama alikaa nyuma kabisa. Ibada ilipokwisha hakunisubiri. Nyumbani aliniwekea ndizi na maharage, akatoka nje.

Nimekasirika. Aibu ni ya ukoo wa baba, si yake. Anaibeba ya nini?

Jumatatu, 19 Januari

Bado hasemi nami. Anapika, anaweka, anatoka.

Bwana Mchungaji amesoma karatasi za wanafunzi. Ndoa, amefurahi. Mazishi, amefurahi sana, ameuliza maswali. Karatasi ya matete aliisoma amesimama. Akaikunja mara nne, akanirudishia. Alisema haya si mambo ya kale, ni ya jana, na waliotoa amri bado wana rafiki zao bomani. Isiandikwe tena. Watoto wafundishwe kusamehe.

Nilitaka kumwuliza watasamehe nini kama hawajui walichotendewa. Sikumwuliza. Nimeandika hapa tu, shujaa wa daftari.

Si mtu mbaya. Anaogopa. Hata mimi. Karatasi nimeichoma jikoni. Sasa imebaki vichwani mwa watoto, na vichwani mwao nimeiweka mwenyewe jinsi ilivyo.

Alhamisi, 22 Januari

Nimechoka na kununiwa. Nilimkuta mama anamenya ndizi, nikachuchumaa mbele yake, nikauliza waziwazi: unaona aibu kwa sababu nimesema, au kwa sababu ni kweli?

Hakuinua macho. "Gwe, wewe mwanangu, siku ile ulikuwa wapi?"

Nikasema, kwa bibi, Njisi. Wewe ndiye uliyeniambia tulikuwa kwa mama yako Njisi.

"Nilikuambia," akasema. Akaendelea kumenya.

Nimeondoka. Neno hilo linanisumbua tangu mchana. Hakusema ndiyo. Alisema nilikuambia.

Ijumaa, 23 Januari

Nataka niandike yote kabla sijayaharibu.

Mama alikuja shuleni. Hajawahi kukanyaga pale. Alikuwa amevaa nguo ya kanisani. Alisimama mlangoni mpaka watoto wakanyamaza wenyewe, kisha akaingia, akaketi chini katikati ya wasichana, akanyoosha miguu. Mimi nilibaki na chaki mkononi kama mgeni.

Alisema amekuja kusema habari ya siku ile. Akasema kuna jina hawezi kulitaja, na wakubwa wanajua kwa nini. Akamwita Tumpe. "Wewe si mkamwana wake. Nikinyamaza, utanisemea." Tumpe akaitika.

Hakuwa Njisi. Tulikuwa hapa. Nyumba ilipowaka alinifunga mgongoni akakimbilia matete. Ndani kabisa palikuwa na kishimo kikavu, upana wa kitanda, matete yamekifunika. Alikijua kwa sababu hapo ndipo wanawake walikata matete ya mikeka. Akaingia kwa kutambaa. Ndani alikuwa amelala mtu.

Akanyamaza.

"Mwang'ombe," akasema Tumpe.

Mama alisema yeye alifunika kichwa palepale. Yule naye akageuza uso kwenye matope. Risasi zinapita juu, nyumba zinalia kwa moto, na wao wawili wanaoneana haya. Alisema hivyo hivyo. Watoto wawili walicheka kidogo, naye hakuwakataza. Mle shimoni akaanza kurudi nyuma, atoke, amwachie mzee. Mimi nikaanza kulia mgongoni.

Ndipo yule akakohoa. Mara moja.

Hapa akawaeleza watoto, ingawa hakuna asiyejua. Baba mkwe akija njiani hukohoa, ili mkamwana asikie, akae kando, ageuke, mzee apite. Miaka yote ya ndoa yake alikohoa hivyo kwenye njia ya kisimani, na mama akakaa kando. Kwa hiyo alipokohoa mle kwenye matete, mama alikaa kando. Hakufikiri. Mwili ulizoea. Alijibana pembeni, akageuza kichwa, akasikia anapita.

"Nilimpisha," akasema. "Nilimpisha kama tunakwenda kisimani."

Mzee aliacha mkuki. Aliacha nguo yake ya begani juu ya matete, na mama akanifunika nayo mdomo, taratibu, nipate pumzi. Mama alisubiri kusikia bunduki karibu. Haikulia karibu. Ililia mbali sana, upande wa ukingo mweupe. Ndipo akajua mzee alitambaa kwanza, mbali nasi, na hakusimama pale alipotoka shimoni. Mikono alionyesha wazi ili wamtazame yeye.

Mimi nilikuwa natazama sakafu.

Mama akasema jambo la mwisho, na hilo hakuwaambia watoto, aliniambia mimi ingawa hakunitazama. "Kama ningekuwa binti yake, tungekaa wote watatu."

Akasimama, akapangusa nguo. Nilitaka kusema kitu. Nikasema, "Ndaga fijo, mama." Asante sana. Kana kwamba ameniletea chakula. Akaenda zake.

Niliwaruhusu watoto mapema. Sikuweza kufuta ubao. Nilikaa chini pale alipokuwa ameketi.

Jumamosi, 24 Januari

Nina aibu. Mtu alikufa ili nipumue, na mimi nimefundisha watoto wimbo wa kumtukana. Nikapiga mluzi.

Nilimwuliza mama leo kwa nini alinyamaza muda wote huu, hata kwa baba. Alikuwa anapepeta maharage. Alisema mkamwana hasimulii habari za kulala shimo moja na baba mkwe, hata kwa pumzi moja. Watu wangelishika hilo tu, na jina la mzee lingechafuka kwa namna nyingine. Alichagua lichafuke kwa woga. Alifikiri litachakaa lenyewe. Hakujua mwanawe atalileta shuleni.

Jioni, jua bado liko, nilikwenda kwa Mzee Asukile. Nilikwenda na hasira, nimwaibishe. Nilimweleza yote. Alisikiliza bila kunikatiza, jambo ambalo si kawaida yake.

"Sisi tuliona mikono tu," akasema.

Kisha akaongeza: "Walipoanza kumpiga yeye, upande wetu walituacha kidogo. Ndipo nilipohama nikavuka mto." Akaliangalia hilo neno kama amelisikia kwa mtu mwingine. Miaka yote hii ameyasimulia yote mawili na hakuwahi kuyaweka pamoja.

Hasira yangu ikakosa pa kukaa. Nilimwacha ameinama.

Jumatano, 28 Januari

Jana ilikuwa siku ya kuzaliwa Kaisari. Bendera ilipandishwa mbele ya shule, tukaimba. Watoto waliimba vizuri mno. Bwana Mchungaji alitupongeza, wakapewa sukari.

Leo nimefundisha matete upya.

Niliwaambia kwanza kwamba mwalimu wao alikosea. Ilinichukua muda kulitoa. Walinitazama kwa mshangao, hawajawahi kusikia mwalimu akisema hivyo, na sijui kama nitaweza tena. Nikaandika majina yote mstari mmoja, bila pande. Tukayasoma. Nikafuta. Tukayasema bila ubao. Hakuna karatasi, Bwana Mchungaji ametiiwa.

Somo la zamani haliwatoki haraka. Wadogo wawili walirudia neno mwoga kwa mazoea, wakajiziba midomo. Sikuwachapa. Nilijua nani anastahili.

Tumpe aliuliza kama babu yangu aliogopa. Nikasema nadhani aliogopa sana. Akasema, "Lakini alitambaa kwanza." Nikasema ndiyo, alitambaa kwanza.

Bwana Mchungaji alipita dirishani wakati wanasema majina. Alisimama. Niliona kofia yake. Watoto hawakunyamaza na mimi sikuwanyamazisha. Majina yalipokwisha kofia ilikuwa imeondoka. Sijui ataniacha nifundishe au ataniondoa. Hajasema.

Jumapili, 1 Februari

Hakuna mvua leo. Baada ya ibada mama alisema twende mtoni. Tulikwenda polepole, goti linamsumbua.

Matete yamejaa, marefu kuliko sisi. Nilimwomba anionyeshe mahali. Akasema hapapo tena, Songwe umehama mara mbili tangu wakati ule. Akaonyesha kwa mkono upande wa maji, si hapa wala pale. Nilitaka kulia, sikulia. Tuliketi ukingoni tukala mahindi ya kuchoma.

Wasichana wawili wa Njisi walikuja kukata matete. Sikuwajua. Mama aliwauliza wao ni wa nani, wakamwambia. Akawaambia waketi. Nilidhani atawauliza habari za ukoo wao. Akaanza kusimulia, tangu asubuhi ile, polepole, kwa sauti ya kawaida. Mimi sikusema kitu, ila pale aliponyamaza nililitaja jina.

Walisikiliza na visu mkononi. Alipomaliza, mdogo akauliza yule mtoto wa mgongoni aliishia wapi.

Mama akanionyesha kwa kidevu. Wakanitazama kwa muda mrefu. Sikujua niweke wapi mikono.