Gari Halina Masikio

Kaka mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii imekukuta mzima, umekula, na buti zako hazivuji tena. Sisi huku hatujambo. Mama anaendelea na cherehani yake, goti tu ndilo linalomsumbua akikanyaga sana. Mimi nimefanya mtihani wa hesabu, tuzungumze mengine.

Najua utashangaa kupata barua wakati ulipiga simu Jumapili. Lakini ukipiga, mama huifungulia simu sauti na kuiatamia kama kuku wa mayai, na haya ninayokuandikia sitaki ayasikie. Ndiyo maana nimempa bahasha dereva anayewaletea chakula. Tafadhali isome ukiwa umekaa.

Ile picha ya tembo jike uliyompa dereva aniletee kwenye kadi ya kamera, nimeanza kuichora kwa rangi za mafuta kama nilivyokuahidi. Fundi mchoraji ananiachia kona ya karakana yake kila nikitoka shule. Wateja humwita Bwana Taratibu, maana wanasema nyati huzaliwa na kukua kabla yeye hajamaliza kumchora mmoja. Amenifundisha kwamba kijivu cha ngozi ya tembo hakitoki kwenye nyeusi na nyeupe. Unachanganya buluu na kahawia, unaongeza nyeupe kidogo kidogo, kisha mikunjo unaifuata mmoja mmoja kwa brashi nyembamba. Mkonga wangu aliusifu. Nilifurahi hadi nikasahau kula.

Jicho ndilo lililoniponza. Niliweka kitone cheupe, kama anavyofanya kila mtu. Fundi alicheka, akasema hilo si jicho, ni tone la maziwa. Alisema mng'ao wa jicho ni kioo, ndani yake mna kile ambacho mnyama anakitazama, na asiyekichora hicho amechora gunia lenye mkonga. Akaikuza picha yako kwenye kompyuta yake mpaka jicho likajaza skrini nzima.

Kaka, nilikuona. Mdogo kama punje ya mchele, lakini ni wewe: kofia yako ya ukingo mpana, viwiko vimeinuka, umeshika kamera. Na miguu yako iko kwenye nyasi. Wewe uliyemwambia mama kwamba hamshuki garini kamwe, kwamba hata haja ndogo mnaibana mpaka kambini! Unakumbuka ni kwa ahadi hiyo tu alikubali uende kwenye kazi hiyo ya kuhesabu tembo. Hata hivyo nikajipa moyo, kwa sababu nyuma yako palikuwa na kitu kizito cheusi. Nikamwambia fundi kwamba gari hilo hapo, kaka ameshuka mara moja tu na dereva yuko karibu.

Fundi alivuta kiti, akavaa miwani, akaisogelea kompyuta. Halafu akaniuliza, polepole kama kawaida yake, tangu lini magari yakaota masikio.

Ni mtoto wa tembo yule, kaka. Ulisimama katikati ya mama na mtoto, na hukujua. Kwenye kile kikaratasi ulichoambatanisha na picha uliandika kwamba jike alikutandazia masikio kama mtu anayempokea mgeni, nami nikacheka. Tangu siku ile nimesoma kila kitabu cha wanyama kilichomo maktaba ya shule. Tembo akitandaza masikio hivyo na kuinua kichwa, hakaribishi mtu, anaonya. Sijui nini kilimzuia. Sasa mwalimu akiniita darasani nashtuka kama mwizi. Simu ya mama ikilia siku isiyo ya Jumapili, natoka nje ili nisione uso wake anapoipokea. Ninachoogopa si picha hiyo, imeshapita. Naogopa unayoipiga leo.

Sasa nikueleze nililolifanya. Juzi nilikuwa nimekuchora ndani ya jicho, wewe na yule mtoto, nikasikia sauti ya mama mlangoni. Alikuja kuona kazi, akimtania fundi kwamba amekuja kuhakikisha mwanawe hajageuzwa kinyago. Nilikuwa na brashi mkononi. Nikawafunika nyote wawili na kuchora gari. Mama akavaa miwani yake ya kutungia sindano, akainama, akaliona. Akaniuliza kama ndimo ulimo. Nikaitikia kwa kichwa. Akashusha pumzi, akasema tangu uondoke hajapata usingizi wa kutosha, na kwamba leo atalala. Akalala kweli. Nilimsikia akikoroma, na kila mkoromo ulinichoma kama mwiba.

Lakini rangi ya mafuta haikauki upesi. Gari lile bado bichi. Likipitiwa na kitambaa chenye tapentaini, linaondoka. Fundi amekataa kuniamulia. Amesema picha ni yangu na kaka ni wangu. Basi nimeamua. Najua unaniita Kobe kwa vile naficha kichwa hata mgeni akibisha hodi, ila kwa hili siwezi kukificha. Jumapili ukipiga simu, mwambie mama mwenyewe, kwa kinywa chako, kisha ushuke garini ukiwa na mtu wa kukulinda mgongo, au usishuke, au urudi nyumbani. Usipomwambia, Jumatatu nikitoka shule nitalifuta gari, nitakuchora ulivyosimama, na nitamwita mama aje na miwani yake. Utanichukia. Nichukie tu, kaka, mradi uwe hai wa kunichukia.

Mama angekusalimu kama angejua naandika. Kila siku anakuombea kwa sauti akifungua madirisha. Jirani mwenye duka anauliza lini utamletea picha ya simba aitundike juu ya sukari. Fundi naye anakusalimu sana. Anasema katika miaka yake yote hajawahi kuletewa picha ya tembo nzuri kama hiyo, na anakuomba usimletee nyingine.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Kobe