Mama, Usimchinje Mbuzi

Kiuu, Ruiru
Jumatatu, 8 Septemba 2025
Leo ni miezi kumi na mmoja na siku nne tangu niondoke nyumbani.

Mama mpendwa,

Natumaini goti lako limetulia na mdogo wangu Nzisa amepona kikohozi. Mimi ni mzima, isipokuwa mgongo, ambao haujui Jumapili ni nini. Barua hii nampa kondakta wa basi la Mwingi kesho. Sikupiga simu kwa sababu simu yako unaiweka spika na kina Mumo wote wanasikia.

Nianze na la haraka: usimchinje yule mbuzi mweusi Jumapili hii.

Unajua tunajenga bweni kwenye chuo kimoja hapa Ruiru. Jumamosi chuo kilialika vijana wanaotafuta nafasi waje na wazazi wao kukiona. Wanafunzi wanaopokea wageni huitwa mabalozi, na huvaa fulana za manjano. Mmoja wao hakufika. Kiongozi wao, msichana anaitwa Janice, akaja kwa msimamizi wetu Gachau kuomba mtu wa kusimama getini na kuonyesha njia ya ukumbini. Alisema ni kazi ya kujitolea, malipo ni chapati na soda tu. Gachau akacheka, akamwambia achukue toroli, hiyo hata chapati haitaki. Mimi nilikuwa nimebeba mawe tangu saa moja. Nilijitolea kabla hajamaliza kucheka.

Janice alinivika fulana, akaniagiza nitabasamu na kusema karibu, basi. Lakini wageni wana maswali. Mama mmoja aliuliza bweni lipi ni zuri. Nilimwambia ukweli, achukue ghorofa ya pili upande wa barabara, kwa sababu upande ule mwingine bomba tumeliziba na mpira wa baiskeli. Mzee Chunilal wa Thika, aliyekuja na binti yake Neha, aliuliza kama ngazi ni imara. Nikamtajia mifuko ya saruji niliyoipandisha hapo kwa bega langu. Akasema huyu ndiye balozi wa kwanza anayejua anachosema. Baada ya saa moja nilikuwa nafuatwa na watu arubaini, na mkuu wa chuo amebaki ukumbini na kipaza sauti chake. Janice alikuja mbio kuniomba nimrudishie hata nusu.

Ndipo akatokea jirani yetu Mzee Kivuva na binti yake Mwelu. Alipoona fulana alipiga kelele kwamba Kaleli wa Mukonyo amekuwa msomi na amenyamaza kama aliyeiba kuku. Watu wakapiga makofi. Kabla sijafungua mdomo alikuwa amekupigia, na wewe pia akakuweka spika. Vigelegele vyako vilimfanya mlinzi ageuke. Kwa furaha hukuuliza hata niliingiaje bila cheti. Nikakusikia ukisema ahadi yako ya miaka kumi imetimia: siku nikiingia chuo, mbuzi aliyekula cheti changu cha darasa la nane ataliwa yeye.

Mama, mimi si mwanafunzi. Mwelu aliona saruji kwenye viatu vyangu, akaniuliza kwa sauti ndogo nasomea nini. Nikamwambia nasomea kubeba. Alicheka mpaka akashika ukuta, lakini kwa babake hakunisema.

Leo saa ya chakula nilikwenda ofisi ya usajili na fulana ile ile. Kuna kozi ya uashi, jioni, kuanzia Januari. Karani alisema alama yoyote inakubalika, mradi nilete cheti chenyewe kabla ya tarehe 19. Nikikikosa, nitabeba mawe mpaka mgongo uishe.

Sasa kaa chini kwanza. Cheti hakikuliwa. Nilipata alama 187, si 310 nilizokwambia. Nilikificha ghalani, kwenye mkebe wa majani ya chai juu ya boriti ya tatu, nikamsingizia mbuzi kwa kuwa hawezi kujibu. Tangu hapo umemfunga kamba fupi, na kila mgeni unamwonyesha aliyemnyima mwanao sekondari. Mbuzi huyo hajawahi kula hata karatasi ya sukari. Nikimpelekea maji alikuwa ananiangalia tu.

Nisamehe, na mkebe usiuguse kwa hasira. Msalimie Nzisa. Mzee Kivuva mweleze polepole.

Nitashuka basi la saa kumi Jumamosi hii, tarehe 13. Nikimkuta mbuzi kwenye kamba ndefu, nitaingia ndani. Nikimkuta kwenye fupi, nitalala kwa Mzee Kivuva.

Mwanao,
Kaleli